Aliyekwenda na Aliyerudi: Kitenzi cha Kwenda katika Njeo Timilifu za Kiingereza na Kiswahili



Sentensi ninayoanza nayo ni fupi: “Juma amekwenda Bagamoyo.” Mwanafunzi wa sekondari akitakiwa kuitafsiri kwa Kiingereza ataandika “Juma has gone to Bagamoyo”, na atapata alama zake. Lakini mpeni mwanafunzi huyohuyo sentensi ya Kiingereza “Juma has been to Bagamoyo”, mumtake airudishe katika Kiswahili. Mara nyingi atatuletea “Juma amekwenda Bagamoyo” kwa mara ya pili, na hapo ndipo Juma anapotupotea. Katika sentensi ya kwanza Juma hayupo. Yuko Bagamoyo, au yumo njiani kwenda huko. Katika ya pili Juma alikwenda, akarudi, na yawezekana ameketi nasi ukumbini humu.

Kitenzi “go” ni miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyotumika mno, na pia miongoni mwa vile vilivyoungwaungwa kwa viraka. Umbo lake la wakati uliopita, “went”, asili yake ni kitenzi kingine kabisa, “wend”. Katika njeo timilifu nako hakijitoshelezi. Kina umbo lake lenyewe, “gone”, na kando yake hutumika “been”, ambalo ni la kitenzi cha kuwa. “Gone” hueleza tokeo: mtu ameondoka na athari ya kuondoka kwake ingalipo. “Been” hueleza tajiriba: safari imo katika maisha ya mtu, nayo imekwisha. Bernard Comrie, katika kitabu chake Aspect cha mwaka 1976, aliitumia tofauti hii kupambanua utimilifu wa tokeo na utimilifu wa tajiriba.

Kutokana na hayo, “I have gone” ni maneno ambayo ni nadra kutamkwa ana kwa ana. Anayesema yupo mbele yetu. Atadaije kuwa ameondoka? Mahali pake ni kwenye kikaratasi kilichoachwa mezani, kama sisi tunavyoandika “Nimekwenda sokoni” kwa ajili ya atakayetukosa nyumbani. Hata hivyo, “I have gone to Mombasa twice” ni sentensi niliyoisahihisha katika madaftari ya wanafunzi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wala sithubutu kumlaumu mwanafunzi, kwa kuwa Kiswahili chake kinamruhusu: “Nimekwenda Mombasa mara mbili” ni sentensi safi. Idadi ya safari ndiyo inayotujulisha kwamba msemaji amekwisha kurudi. Ondoa “mara mbili”, na maana ya tokeo inarejea mara moja.

Kwa nini inarejea? Jibu limo katika kiambishi -me- chenyewe. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alionyesha kuwa kiambishi hiki hakielezi tu kukamilika kwa tendo, bali pia hali inayobaki baada yake. Amesimama, amelala, amevaa, amechoka: hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho Mwingereza angekieleza kwa njeo timilifu pale anapomwona mtu yuko katika hali hiyo. Yeye angetaja hali iliyopo sasa. Basi “amekwenda” nacho kinabeba hali, na hali hiyo ni kutokuwapo. Kiingereza cha zamani kilikuwa karibu nasi zaidi katika jambo hili, kwani vitenzi vya mwendo vilisaidiwa na kitenzi cha kuwa, kama vinavyofanya Kijerumani na Kifaransa hadi leo. Masalio yake ni “he is gone”, yaani hayupo.

Kiswahili kinapotaka kueleza tajiriba bila utata kina njia zake: amewahi kwenda, amepata kwenda. Lakini njia inayonivutia zaidi ni ile ya mazungumzo ya kila siku. Hatuulizi sana “Umewahi kwenda Zanzibar?” bali “Umewahi kufika Zanzibar?” Kiingereza kinaazima kitenzi cha kuwa, nasi tunaazima cha kufika, lugha zote mbili zinamkwepa “kwenda”. Naona sababu ni moja. Kwenda kuna uso mmoja, unaoelekea mbali na msemaji, nao haumwahidi mtu marejeo. Huko Ghana na Nigeria, Kiingereza cha wenyeji kilitunga hata nomino kutokana na tofauti hii: “been-to”, mtu aliyekwenda ng’ambo akarudi, kama mhusika mkuu wa riwaya ya Ayi Kwei Armah, Fragments, iliyotoka mwaka 1970.

Je, haya ni ya darasani tu? Kwa miaka mingi nchini Tanzania, mahakama zilizo juu ya zile za mwanzo zilisikiliza mashahidi wakitoa ushahidi kwa Kiswahili, na hakimu akaandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini majalada ya zamani yamo kwa lugha ile. Tuchukue mfano wa kubuni. Shahidi anasema: “Usiku ule mshtakiwa alikuwa amekwenda Bagamoyo.” Likiandikwa “had gone”, mshtakiwa hakuwapo penye tukio, na utetezi wake umesimama. Likiandikwa “had been”, amekwisha kurudi, na utetezi umeanguka. Shahidi hakubadili neno. Wala kumbukumbu haitakuwa na kosa la sarufi la kumshtua msomaji wa rufaa, kwani sentensi zote mbili ni Kiingereza fasaha.

Ukanushi una mtego wake. “Hakwenda” hufunga habari. “Hajaenda” huiacha wazi, kwa kuwa -ja- huchukua ndani yake “bado”, na msikilizaji huelewa kwamba safari ingali inatarajiwa. “Hajawahi kwenda” huangalia maisha yote ya mtu hadi sasa. Mshtakiwa anayejibu “Sijaenda Bagamoyo” huenda anakusudia kusema kwamba hapajui kabisa, lakini aliyezoea mwendo wa -ja- atasikia mtu mwenye safari mbele yake. Hapo mwandishi wa kumbukumbu hana budi kuweka kalamu chini na kumwuliza: bado, au hujawahi?