Huzuni ya Kijana Si Upungufu wa Imani

Ndugu zetu Waislamu wa Bariadi na Simiyu nzima, kijana akijitenga, akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa majuma mawili au zaidi, tusimwite mvivu wala tusidhani imani yake ni haba. Nabii Yaakub (a.s.) alimhuzunikia mwanawe Yusuf hata macho yake yakapofuka, naye ni Nabii wa Mwenyezi Mungu.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Basi tumwombee dua, na tumpeleke kwa daktari katika hospitali ya mkoa, Bariadi; ikilazimu, Bugando, Mwanza. Simu ya watoto, 116, haina malipo. Na akitamka kwamba anatamani kufa, tusimwache peke yake, wala tusingoje kesho.