Mapenzi ya Mungu Katika Majira ya Kupanda na Majira ya Kukimbia

Katika mazishi mengi ya nchi yetu husikika maneno mawili: "Ni mapenzi ya Mungu" na "Kazi ya Mungu haina makosa". Mhudumu huyatamka kwa nia njema, wafiwa huitikia kwa kuinamisha vichwa, na ibada huendelea. Lakini je, maneno hayo hueleza imani, au hufunga tu kinywa cha mwenye uchungu? Makala haya yanakusudia kueleza maana ya kuyatumainia mapenzi ya Mungu katika majira mbalimbali ya maisha ya Mkristo. Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, kwa sababu huko swali hili halikuanzia darasani. Limeulizwa njiani, mizigo ikiwa kichwani.

1. Nchi na majira yake

Mkulima wa Buha huyajua majira. Mvua huanza mwezi wa Oktoba na kwisha Mei. Kisha hufuata kiangazi. Mahindi, maharage, mihogo na migomba hufuata mpangilio huo, na mzee yeyote aweza kumfundisha kijana lini apande na lini asubiri. Lakini wenyeji wa nchi hii wamepitia pia majira yasiyopangwa na mvua. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Kibondo na kuwakusanya mahali pamoja kwa sababu ya malale. Vijana wengi wa Kiha walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, mbali na wazazi wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Operesheni Kigoma iliwahamishia watu katika vijiji vipya.

Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyowapokea wageni. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, na tena baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, watu wengi mno walivuka mpaka. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya waliokimbia vita vya Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kambi ya Mtabila, pia wilayani Kasulu, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012 na Warundi waliokuwamo wakarudishwa kwao. Mwaka 2015 machafuko yalipozuka tena Burundi, miongoni mwa waliokimbia walikuwamo watu waliokuwa wamerudi miaka mitatu tu iliyotangulia. Mwaka huo kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya.

Tumfikirie mama mmoja kati ya hao. Mwaka 2012 aliambiwa kanisani kwamba kurudi kwake nyumbani ni mapenzi ya Mungu. Mwaka 2015 akaambiwa kwamba kukimbia kwake ni mapenzi ya Mungu. Neno likitumika hivyo kwa kila jambo, mwisho halimwambii lolote. Hapo ndipo kazi ya mwanatheolojia inapoanza.

2. Neno "mapenzi" katika lugha yetu

Kiswahili kimetupa zawadi ambayo lugha nyingi hazina. Tunapoomba, katika ombi la tatu la Sala ya Bwana, kwamba mapenzi ya Mungu yatimizwe, neno hilo latokana na kitenzi "kupenda", na kupenda kwetu kuna maana mbili. Tukimwambia mtu "ukipenda, njoo", twazungumzia nia yake. Tukisema mama ampenda mwanawe, twazungumzia upendo. Katika Kigiriki cha Agano Jipya neno la nia na neno la upendo ni mbali mbali. Kwetu sisi yamekaa katika shina moja.

Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku zawadi hiyo imepotea nusu. Tusemapo "mapenzi ya Mungu" msibani, mara nyingi twamaanisha amri tu, jambo lisilopingika. Upendo umeanguka njiani. Hoja ya makala haya ni kwamba Mkristo hawezi kuitumaini nia ya Mungu iliyotengwa na upendo wake. Nia kama hiyo aweza kuiogopa, aweza kuinyenyekea, lakini hawezi kuitumaini.

Majirani zetu wa Burundi wametutunzia ushuhuda wa jambo hili katika majina ya watoto wao. Kwa Kirundi, kama kwa Kiha, Mungu huitwa Imana. Mtoto huitwa Hakizimana, yaani Mungu ndiye aponyaye. Au Nsengiyumva, yaani namwomba yeye asikiaye. Au Ndayizeye, yaani ninamtumaini yeye. Majina haya hayadai kueleza kwa nini mambo yametokea. Hutaja yule ambaye mzazi amemkabidhi mtoto wake.

3. Luther na ombi la tatu

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther aeleza kwamba mapenzi ya Mungu hutimizwa pale Mungu anapoyavunja na kuyazuia mashauri mabaya ya ibilisi, ya ulimwengu na ya mwili wetu, na anapotuimarisha katika neno lake na katika imani hata mwisho. Kila mwanafunzi wa Kipaimara amefundishwa maelezo hayo. Lakini ni wangapi kati yetu tumeona uzito wake? Kwa mafundisho haya, shauri la muuaji haliitwi mapenzi ya Mungu. Shauri hilo ndilo ambalo mapenzi ya Mungu yanapigana nalo.

Tuchukue mfano. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, wakingoja kusafirishwa kwa meli, ikiwamo ile kongwe ya MV Liemba, hadi Kigoma mjini, na kutoka huko kupelekwa Nyarugusu. Maji safi hayakutosha, wala vyoo. Kipindupindu kikaingia, watu wakafa. Mhudumu akisema juu ya makaburi hayo kwamba kipindupindu ni mapenzi ya Mungu, amelipa neno la Katekisimo maana iliyo kinyume chake. Mapenzi ya Mungu pale Kagunga yalionekana kwa wale walioleta maji safi, waliochimba vyoo na kuwanywesha wagonjwa, maana kwa mikono yao shauri la mauti lilizuiliwa.

Je, kwa kusema hivyo tunakana kwamba Mungu anatawala yote? La hasha. Katika kitabu chake cha mwaka 1525 juu ya utumwa wa nia, Luther akiri kwamba kuna mambo ya Mungu katika ukuu wake yaliyofichwa kwetu. Ila atuonya tusiyachunguze hayo. Tumepewa Mungu ahubiriwaye, ambaye hafurahii kifo cha mtu, kama asemavyo nabii Ezekieli (33:11), naye amejifunua katika Kristo aliyesulibiwa. Mchungaji hakutumwa kufafanua siri za Mungu aliyefichwa. Ametumwa kumtangaza aliyefunuliwa.

4. Makosa mawili ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni lile tulilokwisha kulitaja, la kuita kila jambo amri ya Mungu. Kosa hili lina madhara mawili. Humwondolea mtenda mabaya hatia yake, kwa kuwa yote yamewekwa juu ya Mungu. Nalo hutuondolea sisi wajibu, kwa kuwa hakuna la kufanya.

Kosa la pili limeenea sana katika siku zetu, nalo ni la kuahidi kwamba majira mabaya yatageuka upesi endapo mtu ataamini vya kutosha. Biblia yamjua mhubiri wa namna hiyo. Hanania mwana wa Azuri aliwaahidi watu wa Yuda kwamba katika muda wa miaka miwili mateka watarudi kutoka Babeli (Yeremia 28). Yeremia naye aliwaandikia mateka barua yenye habari ngumu zaidi: miaka sabini, wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wauombee amani mji waliohamishiwa (Yeremia 29). Tuangalie kwamba ahadi ile maarufu ya tumaini, katika Yeremia 29:11, imo ndani ya barua hiyo ya miaka sabini. Mara nyingi twaikata aya hiyo na kuibandika ukutani bila ile ya kumi iliyo juu yake.

Kwa aliyeko kambini jambo hili ni zito. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa. Shamba kubwa hana. Na zaidi ya mara moja mgawo wa chakula umepunguzwa kwa upungufu wa fedha za wafadhili. Kumwahidi miaka miwili ni kumdanganya. Lakini mche wa mgomba na tuta la mboga kando ya kibanda ni utii kwa barua ya Yeremia. Apandaye mahali asipokuchagua amekiri kwamba Mungu yuko hata pale.

Wala hatujui majira yatageukaje. Wengi wa waliokimbia mwaka 1972 walikaa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako shirika letu la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, liliwahudumia. Walikuwapo walioomba miaka mingi warudi kwao. Mwaka 2014, baada ya miaka 42, zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Maombi yao yalijibiwa kwa nchi, ila si kwa wote nchi ile waliyoitaja.

5. Nani aseme maneno ya imani?

Hapa twafika penye kiini cha huduma. Maneno ya Ayubu, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa (1:21), husomwa katika kila mazishi. Lakini aliyeyasema ni Ayubu mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Rafiki zake walipokuja walikaa naye chini siku saba kimya (2:13), na hilo ndilo jema kuliko yote waliyofanya. Walipoanza kueleza, walikosea, hata Mungu akawaambia hawakunena yaliyo sawa (42:7). Tena Ayubu yule aliyebariki katika sura ya kwanza ndiye aliyelaani siku yake katika sura ya tatu, na Mungu hakumtupa.

Vivyo hivyo Yusufu. Aliwaambia ndugu zake kwamba Mungu alikusudia mema (Mwanzo 50:20). Alisema hayo mwenyewe, baada ya miaka mingi, na katika sentensi hiyo hiyo aliyaita makusudi yao mabaya. Kama mtu mwingine angemwambia hayo alipokuwa bado shimoni, yangekuwa ukatili.

Basi, kanuni ni hii: maneno ya kuyakubali mapenzi ya Mungu ni matunda, nayo huiva katika kinywa cha aliyeteswa kwa wakati wake. Mhudumu hawezi kuyachuma mabichi na kumlisha. Kazi yake ni kukaa naye, kumpa Zaburi za kulia kama ya 13 na ya 88, kumletea Neno na Sakramenti, na kusimama naye dhidi ya lile lililo baya. Bwana wetu mwenyewe, katika Gethsemane, aliomba kwanza kikombe kimwepuke, ndipo akayakabidhi mapenzi yake kwa Baba (Mathayo 26:39). Ombi la kwanza halikuwa dhambi. Luther naye, binti yake Magdalena alipofariki mwaka 1542 akiwa na umri wa miaka 13, aliamini ufufuo na bado hakuweza kujizuia kulia.

6. Hitimisho

Kutumaini mapenzi ya Mungu, basi, si kujua sababu ya kila jira. Ni kujua moyo wa yule aliye Bwana wa majira yote, na moyo huo tumeonyeshwa msalabani, si penginepo. Ndugu mchungaji, nawe mwanafunzi unayejiandaa kwa huduma: utakapoitwa kwenye kaburi, iwe Kasulu, Kibondo au kwenu, usiwe mwepesi wa kueleza. Liite baya kwa jina lake. Mtaje Kristo. Kaa chini. Na siku mfiwa mwenyewe atakapoinua kichwa na kusema kwa kinywa chake, "Ndayizeye", ninamtumaini yeye, itikia pamoja naye: Amina.