Kabla hujalaumu meno kwa kibiongo, angalia unavyoshika simu

PITIA TikTok jioni moja tu na hutakosa kijana anayeapa kwamba ukinyoosha meno, shingo na mgongo nao vitanyooka. Wengine wanadai huhitaji hata daktari: bandika ulimi kwenye kaakaa, funga mdomo, kisha usubiri taya lijichonge.

Je, kuna ukweli hapo? Upo, ila nusu tu.

Jaribu hivi. Keti wima, ugonganishe meno ya juu na ya chini taratibu. Sasa inamisha kichwa kama mtu anayesoma meseji, ugonganishe tena. Kumbe hayakutani pale pale! Taya la chini limeshikiliwa na misuli, na baadhi yake imeungana na ile inayoshuka kooni hadi kifuani na mabegani. Kichwa kikisogea, taya nalo husogea.

Watafiti pia wameona kwamba baadhi ya watu ambao taya lao la chini limerudi nyuma hubeba kichwa mbele ya mabega. Lakini mambo mawili kuonekana pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa lingine. Hadi sasa haijathibitishwa kwamba vyuma vya meno hunyoosha uti wa mgongo.

Na ule mtindo wa ulimi, 'mewing', uliopewa jina la Waingereza John Mew na mwanawe Mike? Chama cha wataalamu wa kunyoosha meno Marekani kimesema ushahidi wake ni hafifu.

Mshukiwa wa karibu zaidi uko naye mkononi. Kichwa cha mtu mzima kina uzani wa kilo 5 hivi. Mwaka 2014, daktari wa upasuaji Kenneth Hansraj wa New York alikadiria kwamba ukikiinamisha nyuzi 60, shingo hubeba mzigo wa kilo 27.

Kwa hivyo, inua simu ikaribie usawa wa macho, na usimame ujinyooshe mara kwa mara. Maumivu ya shingo yakikataa kuisha, muone daktari.

Vyuma navyo, ambavyo bei yake inaweza kupita Sh100,000, viweke kwa sababu za meno: kutafuna vizuri, kusafisha kwa urahisi, au kutabasamu bila kuziba mdomo. Hizo zinatosha. Ila mtu akikuuzia vyuma kama dawa ya kibiongo, shika pesa zako kwanza.