Maji ya Moto ya Amboni

Kwenye chemchemi za Amboni, kaskazini ya mji wa Tanga, maji ya moto hutoka ardhini yakinuka kama yai viza. Watu huyaogea kwa maradhi ya ngozi. Wengine huuliza: Je, hapa pana dhahabu?

Swali hilo lina asili yake. Maji ya mvua huzama katika nyufa za miamba, hupata joto, na huyeyusha madini kidogo kidogo. Yakipanda hupoa, na madini hubaki nyufani. Kazi hiyo huzidi penye mlima wa moto uliodidimia ukaacha shimo pana, kama lile la Ngorongoro, maana nyufa huwa nyingi na moto huwa karibu. Dhahabu ya Vatukoula, katika visiwa vya Fiji, iliyoanza kuchimbwa miaka ya 1930, ilifanyika hivyo.

Lakini karibu na Tanga hapana mlima wa moto. Maji ya Amboni hupashwa na joto la ardhi yenyewe. Harufu ile ni ya kiberiti, wala si dalili ya dhahabu. Basi mtu asiuze shamba lake apate fedha za kuchimba pale. Tena hewa ile ni nzito kuliko hewa tuivutayo: hutuama shimoni, ikizidi pua haiisikii tena, nayo huua.