Vidonge vya majira: Si lazima kuona damu kila mwezi

Fungua pakiti ya vidonge vya majira, kama zile zinazotolewa katika zahanati zetu nyingi, utakuta safu nne za vidonge saba saba. Safu tatu za kwanza, jumla vidonge 21, zina homoni mbili: estrojeni na projestini. Safu ya nne huwa ya kahawia. Hivyo ni vidonge vya madini ya chuma, havina homoni yoyote. Mwanamke hupata damu anapomeza hivyo vya kahawia, kisha huanza pakiti mpya.

Wengi huamini damu hiyo ni hedhi. Sivyo. Hedhi huja baada ya yai kupevuka na kukosa kurutubishwa. Anayemeza vidonge hivi ipasavyo yai lake halipevuki, na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hubaki mwembamba. Homoni zinapokatishwa, ukuta huo hubanduka kidogo na damu hutoka.

Mapumziko hayo ya wiki moja yalipangwa na watu. Enovid, kidonge cha kwanza cha kuzuia mimba kuidhinishwa Marekani, mwaka 1960, kilitokana na kazi ya Gregory Pincus na Dk. John Rock, Mkatoliki aliyetumaini kwamba Kanisa lake lingekikubali. Damu ya kila mwezi ilikifanya kionekane kinafuata maumbile, na ikamhakikishia mwanamke kwamba hana mimba. Papa Paulo VI alikikataa mwaka 1968, lakini mapumziko yakabaki.

Mwaka 1977 watafiti wa Edinburgh, Uskoti, walichapisha matokeo ya wanawake waliounganisha pakiti ili wapate damu mara moja tu kila miezi mitatu. Marekani iliidhinisha vidonge vya mtindo huo mwaka 2003, na mwaka 2007 ikaidhinisha vya kumezwa mwaka mzima bila kupumzika. Mwongozo wa wataalamu wa Uingereza wa 2019 unasema wazi kuwa wiki ya mapumziko haina faida ya kiafya.

Ipi bora, basi? Zikifuatwa vizuri, njia zote mbili huzuia mimba kwa kiwango cha juu. Hatari iko kwenye kusahau. Katika siku saba bila homoni, ovari huanza kuamka. Ukichelewa kuanza pakiti mpya, pengo linafika siku nane au tisa, na yai linaweza kupevuka. Anayemeza mfululizo hana pengo hilo. Tena hupata nafuu ya maumivu ya tumbo na ya kichwa yanayokuja na wiki ya damu, na mwenye upungufu wa damu hupoteza damu kidogo kuliko anayepumzika.

Kero yake ni matone ya damu yasiyotabirika, hasa miezi ya mwanzo. Kwa kawaida hupungua kadiri muda unavyokwenda. Yakizidi, na kama umekwisha kumeza vidonge 21 au zaidi mfululizo, mtoa huduma anaweza kukushauri usimame siku chache, zisizidi saba, kisha uendelee. Jiandae pia kwa pakiti: anayeruka vidonge vya kahawia hutumia takriban 17 kwa mwaka badala ya 13.

Hofu kwamba damu isiyotoka hujaa tumboni haina msingi, kwa kuwa ukuta ule mwembamba hauna cha kurundika. Uwezo wa kushika mimba nao hurudi. Wengi huona hedhi ndani ya miezi mitatu baada ya kuacha.

Masharti ya usalama hayabadiliki. Vidonge vyenye estrojeni havimfai mwenye shinikizo la juu la damu, aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mwanga au mawimbi machoni, wala mvutaji sigara mwenye umri wa miaka 35 na zaidi. Mama aliyejifungua karibuni na anayetumia dawa za kifua kikuu, kifafa au VVU wazungumze na mtoa huduma kwanza.

Anayetulia moyo kwa kuona damu kila mwezi aendelee nayo, hajakosea. Asiyeitaka anaweza kuiacha bila hofu. Kwa wote wawili sharti ni moja: siku bila homoni zisipite saba. Ukisahau vidonge na una shaka, pima mkojo. Damu ya mapumziko pekee haithibitishi kwamba huna mimba.