Sketi ya Mtoto kwa Majira ya Joto: Kupima, Kukata na Kupiga Hesabu



Miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto la Kaliua huwaelemea zaidi watoto wadogo, na miezi hiyo hiyo nyumba nyingi za wakulima wa tumbaku huwa zinatazama mauzo ya msimu ujao. Kikundi cha akina mama chenye cherehani moja kinaweza kupata shughuli ya maana katika kipindi hicho kwa kushona sketi za watoto wa miaka miwili hivi. Kazi yenyewe ni nyepesi. Inayokishinda kikundi mara nyingi ni hesabu, na hesabu hiyo huharibika siku ya kukata kitambaa.

Kitambaa kinachofaa ni pamba. Siku hizi zinauzwa khanga zilizochanganywa na nyuzi za viwandani zisizonyonya jasho, na mtoto akivaa hizo huota vipele vya joto. Mnunuzi achomoe uzi mmoja ukingoni na kuuchoma: pamba hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, lakini uzi wa kiwandani huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Khanga ya pamba ifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, kwani hurudi majini, na sketi iliyoshonwa kabla ya kufuliwa itarudishwa na mteja.

Wazee wetu wa magharibi waliijua doti kabla ya kuijua shilingi. Katika karne ya 19, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, merikani na kaniki ndizo zilizolipia chakula na ushuru wa njia. Shuka ilikuwa mikono minne na doti mikono minane, na mwenye mkono mfupi hakupenda kupimiwa na mwingine. Sisi tunatumia futi ya fundi, kwa hiyo hatuna sababu ya kukisia.

Upande mmoja wa khanga huwa na urefu wa sentimita 150 hivi na kimo cha sentimita 110. Kingo zake mbili ndefu zimefumwa kiwandani na hazifumuki. Hapo ndipo penye faida: pindo la khanga ligeuzwe kuwa sehemu ya chini ya sketi, na hapatahitajika kukunja wala kushona upindo. Kwa mtoto mwenye kiuno cha sentimita 50 na sketi ya urefu wa sentimita 24, katwa ukanda wa sentimita 28 kutoka ukingo mrefu. Zile nne za ziada ni njia ya lastiki. Ukanda huo ukigawanywa katikati hutoa vipande viwili vya sentimita 75. Fanya vivyo hivyo kwa ukingo wa pili. Upande mmoja umetoa sketi nne, na doti nzima nane.

Kabla ya mkasi kupita, jina la khanga lisomwe. Likiangukia ndani ya ukanda litatokea karibu na kiuno cha mtoto, na si kila neno ambalo watu wazima hurushiana kwa khanga linafaa kutembezwa na mtoto wa miaka miwili.

Kila kipande kikunjwe nje ikiwa ndani, ncha zake mbili zikutane, zipigwe bandi kwa mkono, kisha zishonwe kwa cherehani sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Huo ndio mshono pekee wa wima, nao ukae nyuma. Kingo zake zizungushiwe uzi wa mkono zisifumuke. Juu, kunja sentimita 1 na kupiga pasi, kunja tena sentimita 3, ushone kuzunguka chini ya mkunjo huo, ukiacha nafasi ya vidole viwili bila kushona. Katwa lastiki ya upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 48, ipitishwe kwa pini, ncha zipandishwe sentimita 2 na kushonwa mara mbili, halafu nafasi ifungwe. Mtoto akivaa, vidole viwili vya mtu mzima vipite kiunoni bila taabu; lastiki inayoacha alama kwenye ngozi haifai kuuzwa.

Sasa hesabu. Bei zifuatazo ni za mfano. Kila chama kiweke za soko lake. Doti ikinunuliwa Sh. 16,000, kitambaa cha sketi moja ni Sh. 2,000. Lastiki ni Sh. 250, uzi Sh. 100, ujira wa mshonaji Sh. 1,000, na akiba ya matengenezo ya cherehani Sh. 150. Jumla ni Sh. 3,500. Ikiuzwa Sh. 4,000, ziada ni Sh. 500. Fundi akianza kukata katikati ya khanga, akapata sketi tano tu kwa doti, kitambaa peke yake ni Sh. 3,200 na gharama yote Sh. 4,700. Kila sketi itakayouzwa hapo imebeba hasara ya Sh. 700, na fundi atakuwa wa mwisho kujua, maana ujira wake amekwisha kulipwa.

Kwa hiyo katibu afungue ukurasa wa doti katika leja: tarehe, doti zilizotolewa stoo, sketi zilizorudi, na saini ya aliyekata. Kipande cha katikati, chenye kimo cha sentimita 54, kinaweza kutoa sketi mbili zaidi zenye upindo wa kushonwa, ikiwa ukanda wake utakatwa sentimita 31. Mimi huona ni busara kutoziingiza katika bei, kwa sababu jina huangukia hapo mara nyingi. Lakini kipande hicho kirudishwe stoo na kuandikwa siku ile ile.