Tabibu wa Akili na Wenziwe

Katika wote waketio mbele ya mgonjwa wa akili na kumsikiliza, mmoja tu ndiye aliyesomea udaktari, naye ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Nchini Tanzania humlazimu kusoma udaktari miaka 5, kutumikia hospitalini chini ya usimamizi mwaka 1, kisha kurejea chuoni, kama vile Muhimbili, kwa miaka mingine 3. Na katika hiyo ya mwanzo hupasua maiti, huzalisha na hutibu vidonda, hata msomaji akastaajabu mambo hayo yanamhusu nini mtu asikiaye sauti zisizokuwapo. Yanamhusu sana. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu apayuke na asiwatambue wanawe; tezi ya shingo ikizidisha kazi yake humwondolea usingizi na kumtia wahaka, mikono ikitetemeka na moyo ukienda mbio; na kaswende isiyotibiwa yaweza, baada ya miaka mingi, kuuharibu ubongo hata mtu maskini akajidai sultani. Anayeisaili nafsi pasipo kupima damu aweza kumzika mgonjwa ambaye angelipona kwa sindano.

Mwanasaikolojia tiba hakupita njia hiyo, wala hadhi yake haipungui kwa hayo. Husoma saikolojia hadi shahada ya uzamili, akazoezwa kupima kumbukumbu na fahamu, na kutibu kwa mazungumzo yenye kanuni: aogopaye lifti hufikishwa mlangoni leo, siku nyingine akaingia na kutoka, hata hofu ikachoka yenyewe. Dawa haandiki.

Asiyepewa haki yake, kwa maoni yangu, ni muuguzi wa afya ya akili, ambaye hukesha wodini na ndiye agunduaye kuwa kidonge kimefichwa chini ya ulimi.

Washauri nasaha wametofautiana mno, toka mwenye cheti cha muda mfupi hata mwenye shahada, na kibao cha mlangoni aghalabu hakisemi; Kenya ilitunga sheria juu yao na wanasaikolojia mwaka 2014. Si kwamba asiye na shahada hafai: mjini Harare, tangu 2006, bingwa Dixon Chibanda amewafunza kina bibi kuketi na wenye majonzi katika mabenchi ya zahanati, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma za kawaida, lakini bibi hao hufuata utaratibu maalumu, na waliozidiwa huwapeleka kwa wakubwa wao.

Basi, msomaji, umpelekapo ndugu yako kwa yeyote katika hao, muulize alisomea wapi na leseni yake ameipata kwa baraza gani. Aliyehitimu kwa haki hatachukia kuulizwa.